Mbwa Mrefu wa Miguu Mifupi

Wajukuu zangu, mbwa anayefuata mbuzi kwenye majabali ya Singida mnamjua: miguu mirefu, kifua chembamba, mkia juu. Leo nawasimulia habari za jamaa yake wa mbali, Dachshund wa Ujerumani, maana wapo kati yenu waliomwona kwenye simu wakatamani kuletewa.

Huyo ana mwili mrefu na miguu mifupi. Wawindaji wa Ujerumani walimtaka hivyo ili aingie mashimoni kumfuata mnyama fulani mchimbaji, wa ukoo mmoja na nyegere wetu. Kizazi baada ya kizazi wakapandisha wafupi kwa wafupi. Hawakujua kwamba pamoja na miguu ile walikuwa wanachagua pia maradhi ya mgongo.

Hapa sikilizeni vizuri. Pitisha kidole mgongoni mwa mbwa, utazihisi pingili. Kati ya pingili na pingili kuna diski, ngumu kwa nje, na ndani ina kitu kinachoteleza kama ute wa yai. Hicho ndicho kinachopokea kishindo mbwa anaporuka. Juu yake tu umepita uti wa mgongo, unaochukua amri za ubongo na kuzifikisha miguuni. Sasa, mbwa aliyerithi tatizo hili diski zake huzeeka kabla yake. Akiwa na umri wa mwaka mmoja tu, ule ute huweza kuwa umeanza kukauka na kujaa chokaa. Kwa nje anacheza kama wenzake. Kisha siku moja, mara nyingi akiwa na miaka 3 hadi 7, anaruka kizingiti, diski inapasuka na kile kigumu kinaubana uti. Analia kwa uchungu. Huenda siku hiyohiyo ukamkuta anaburura miguu ya nyuma, mkojo unamtoka bila yeye kujua.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walieleza chanzo chake. Jeni iitwayo FGF4, inayohusika na ukuaji wa mifupa, ilijinakili zamani sana, na nakala ikajipachika kwenye kromosomu ya 12. Nakala hiyo hufupisha miguu na pia huzeesha diski. Si lazima itoke kwa wazazi wote wawili. Ya mmoja inatosha kumtia mtoto hatarini.

Basi kwa nini wasipandishwe wale tu wasio nayo? Kwa sababu karibu Dachshund wote wanayo. Ndiyo maana Denmark na Finland hupiga picha za eksirei mbwa akiwa na miaka 2 hadi 4, wakahesabu diski zenye chokaa, na mwenye nyingi hashauriwi kuzaa. Kazi hiyo naiheshimu sana. Mfugaji anakubali kumwacha dume mzuri wa sura kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa.

Nanyi msidhani ni mambo ya Ulaya tu. Kuku wetu wa kienyeji wanasifika nchi nzima, na mfugaji makini hubadilishana jogoo na jirani ili jogoo asipande binti zake mwenyewe. Kwa mbwa, wengi husahau. Chukueni Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka. Wachache walipelekwa Uingereza miaka ya 1930, uzao wao ukapandishwa ndugu kwa ndugu, na maradhi ya damu na ya figo yakaenea. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walirudi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, kutafuta damu mpya. Mwaka 1990 chama kikubwa cha mbwa cha Marekani kikafungua daftari lake kuwapokea mbwa walioletwa kutoka huko.

Kwa hiyo ukiahidiwa kitoto cha mbwa, omba kwanza kumwona mama yake akitembea. Uliza kuhusu baba, na kama kuna ndugu aliyewahi kupooza. Asiyetaka kujibu, usichukue mbwa wake.

Na ukimkuta mbwa yeyote ameumia mgongo, hata huyu wetu wa mbuzi, usimpe dawa za maumivu za watu, maana diklofenaki na ibuprofeni zaweza kumuua. Mweke mahali padogo asirukeruke. Ukilazimika kumbeba, mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio, mgongo unyooke, na mpeleke hivyo kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.