Acheni Kuuliza Urefu wa Stendi

"Mwalimu, nitajie stendi ya kamera iliyo ndefu kuliko zote inayoingia kwenye mkoba." Mwezi huu swali hili nimeulizwa mara nne, na kila mara muulizaji alikuwa na kamera ndogo ya mfukoni, isiyofika gramu 350 pamoja na betri yake. Leo nalijibu kwa maandishi, nikiomba lisirudi tena: acheni kuuliza urefu.

Najua linakotoka. Pale Kariakoo, na Luthuli Avenue kule Nairobi, utaikuta ile stendi nyepesi ya alumini yenye kikono cha kuzungusha ubavuni. Muuzaji anaikunjua yote mbele yako, anakizungusha kikono, nguzo ya katikati inapanda mpaka kamera inafika usawa wa macho, nawe unaamini umepata mali. Watu wameshika kwamba stendi inachukua nafasi ya mpiga picha aliyesimama, basi sharti iwe na kimo chake. Sivyo hata kidogo. Stendi ina kazi moja, kuizuia kamera isisogee shata ikiwa wazi. Kila sentimita ya kimo unayoongeza, unailipia kwa mtikisiko.

Miguu mitatu hutulia kwa sababu ile ile inayofanya mafiga matatu yatulie jikoni, hata sakafu iwe na mabonde. Ukipandisha nguzo, umesimika mwanzi juu ya mafiga, kisha ukaiweka kamera kwenye ncha ya mwanzi. Hesabu yake ni kali: upau ulioshikwa upande mmoja ukirefushwa mara mbili, nguvu ile ile huupinda mara nane. Nguzo iliyochomoza sentimita 15 ukiipandisha ifike 30, upepo ni ule ule, ila kuyumba kumezidi mara nane. Vile vipande vya mwisho vya miguu, vyembamba kama penseli, navyo hupinda vivyo hivyo.

Nenda Forodhani, Unguja, baada ya magharibi, kusi ikivuma. Mbingu bado ina buluu, taa za wachoma mishikaki zimewaka, majahazi yametia nanga. Picha ya namna hiyo, ukitaka iwe safi bila chengachenga, mara nyingi inadai shata ya sekunde 2 au zaidi. Kwa stendi iliyonyooshwa yote, ukiikuza picha utaona kila taa ina mkia. Hapo mtu huilaumu lenzi. Nimeletewa kamera nzima kabisa, wenyewe wakitaka niwaambie wanunue nyingine, na kasoro yote ilikuwa chini ya kamera.

Kisha kuna dawa inayosambazwa kama tiba ya kila kitu: tundika mkoba kwenye ndoana iliyo chini ya nguzo. Mkoba unaoning'inia hewani hubembea, na kila unapobembea unaivuta stendi huku na huku. Kama lazima uongeze uzito, mkoba uguse ardhi na ukanda wake uvutike kidogo tu. Hata hivyo, hakuna mkoba unaoligeuza bomba jembamba kuwa nene. Na yale maandishi ya boksini, "inabeba kilo 3", yanakuambia mzigo ambao kichwa kitauhimili bila kuteleza. Hayasemi lolote kuhusu kutulia, na watengenezaji hawana kipimo kimoja cha kulinganishia.

Kizuia mtikisiko kilicho ndani ya kamera? Kinausaidia mkono, hakibebi sekunde mbili nzima. Kamera ikishakaa juu ya stendi, kizime, isipokuwa kitabu cha maelekezo kimesema vingine.

Sasa nunua hivi. Stendi ya mezani inayoenea kiganjani, kama Manfrotto PIXI, ukiiweka juu ya baraza au ukuta inaishinda ile ndefu. GorillaPod, ile stendi ya miguu ya kupindika, hufungwa kwenye tawi au chuma cha ngazi, ila chukua saizi inayozidi uzito wa kamera yako, maana viungo vyake hulegea kadiri unavyoitumia. Mfuko wa kitambaa wenye kilo ya maharage unatosha dirishani mwa gari lililozimwa injini, huko Mikumi au Tsavo. Kama lazima uchukue ya kusimama, chagua yenye miguu ya vipande vinne, si vitano, kichwa cha gololi, na nguzo usiyolazimika kuipandisha. Ikikufika kifuani imetosha, kwa kuwa kioo cha nyuma cha kamera unakitazama kutoka juu. Skrubu ya robo inchi huingia karibu kamera zote, lakini hakikisha kisahani hakizibi mlango wa betri. Ukiwa dukani, shusha nguzo, gandamiza kichwa kwa kiganja, kisha jaribu kukizungusha: kikicheza, rudisha. Piga picha kwa kipima muda cha sekunde 2, ili mtikisiko wa kidole chako utulie kwanza. Ukitoka pwani, suuza miguu kwa maji yasiyo na chumvi kabla hujaikunja.

Fedha zikitosha kitu kimoja tu, nunua ya mezani na ujishonee mfuko wa maharage. Ile ndefu ya kikono iache dukani.