Dripu ya Mbale, samaki wa Jinja na hesabu ya majarida

Mtoto ana homa kali, viganja baridi, anahema kwa shida. Katika nchi tajiri kanuni ilikuwa moja: mwongezewe maji mengi, haraka, kwa dripu. Watafiti wakiongozwa na Kathryn Maitland waliipima kanuni hiyo kwa watoto 3,141 katika hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania, Mbale ikiwemo. Ndani ya saa 48, zaidi ya asilimia 10 ya waliopewa maji haraka walikuwa wamefariki. Kwa wasiopewa, asilimia 7.3.

Matokeo yalitoka mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine, jarida la tangu 1812 ambalo halikosi kwenye safu za juu za orodha yoyote ya majarida ya tiba. Safu hizo hupangwaje?

Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyetoa wazo mwaka 1955: tazama nani anarejelea kazi ya nani. Chukua jarida lililochapisha makala 40 katika miaka ya 2023 na 2024. Ikiwa mwaka 2025 makala hizo zimerejelewa mara 120, gawanya kwa 40. Kipimo chake cha athari ni 3. Basi. Lakini huo ni wastani, na makala mbili tatu zenye umaarufu zinaweza kuzibeba nyingine zote mgongoni.

Sasa nenda Jinja, Uganda. Huko kuna African Journal of Tropical Hydrobiology and Fisheries, lililoanza 1971 na leo liko chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria. Madaktari duniani ni wengi na hurejeleana upesi. Wachunguzi wa samaki kama sangara na mukene ni wachache, na kazi yao huweza kukaa miaka kabla ya kurejelewa. Kulipima jarida hili kwa ratili ya majarida ya tiba ni kulionea. Afadhali orodha zinazogawa majarida ya fani moja katika robo nne, uvuvi ushindane na uvuvi.

Hata hapo kuna wasiohesabiwa. Afisa uvuvi anayesoma makala kisha akakagua matundu ya nyavu mwaloni haandiki marejeo. Wala muuguzi wa zamu ya usiku anayepunguza kasi ya dripu.