Kumi na Tisa au Kumi kwa Tisa? Maneno ya Kutajia Matokeo katika Michezo ya Raketi

Pale penye mwamuzi, matokeo ya mchezo hutunzwa kwa karatasi na ubao, na mchezaji hana haja ya kukumbuka lolote. Lakini mpira wa meza, tenisi na mpira wa vinyoya huchezwa mara nyingi jioni baada ya kazi, bila mwamuzi wala ubao. Michezo hiyo haifanani na bao, au isolo kama wenyeji wa Usukuma wanavyouita mchezo wao wa namna hiyo, ambamo mtu aliyechelewa huweza kutazama kete zilizomo mashimoni akajua nani amezidiwa. Mpira ukishapigwa hauachi alama yoyote mezani. Neno linalotamkwa na mchezaji ndilo kumbukumbu pekee iliyopo, nalo likiwa na maana mbili, matokeo nayo huwa mawili.

Jambo hili tulilishuhudia Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita. (Wengine huandika Karumwa, sisi tunafuata tahajia yenye h.) Vijana wawili walikuwa wakicheza mpira wa meza uani, juu ya mbao zilizounganishwa, wavu wao ukiwa ubao mwembamba ulioegemezwa kwa matofali, na mshindwa alitakiwa kununua soda. Mwanzishaji, yaani yule ambaye ilikuwa zamu yake kuanzisha mpira, alitaja kwa sauti: "Kumi na tisa!" Mzee mmoja aliyeketi karibu nasi, ambaye alijifunza mchezo huo zamani alipokuwa shuleni, akasema kwamba bado alama mbili. Yeye alikuwa amesikia 19, na katika kanuni alizofundishwa mchezo uliishia 21. Mwanzishaji alikusudia kusema kwamba yeye ana 10 na mwenzake 9, na kwa hiyo imebaki alama moja tu. Mpinzani wake naye akaweka kibao chake mezani, akadai kwamba kumi ni zake yeye na tisa ni za mwanzishaji. Watu watatu walisikia tamko lilelile moja, na kila mmoja akawa na matokeo yake.

Tulicheka pamoja na watazamaji wengine, lakini baadaye tuliona kwamba ugomvi ule ulikuwa na asili mbili tofauti, na zote mbili zinawahusu wafasiri wa vitabu vya kanuni za michezo na walimu wanaovitumia.

Asili ya kwanza imo katika muundo wa hesabu zetu. Kiswahili huunda namba za kuanzia 11 hadi 19, na nyingine nyingi, kwa kiungo "na". Kiungo hichohicho ndicho kinachomjia mtu ulimini anapotaka kutaja vitu viwili kwa pamoja. Basi "kumi na nne" yaweza kuwa alama 14 za mtu mmoja, au 10 za huyu na 4 za yule. Katika mpira wa meza, tangu mwaka 2001 ambapo ukomo ulishushwa kutoka 21 hadi 11, hatari hiyo imepungua kidogo, maana namba za juu hazifikiwi ila pale wachezaji wanapofungana kwenye kumi na kuendelea mpaka mmoja amzidi mwenzake kwa alama mbili. Katika mpira wa vinyoya hatari imezidi. Tangu mwaka 2006 kila pigo linaloisha huzaa alama, na ukomo ni 21. Humo "kumi na tano" ni matokeo yanayowezekana kabisa kwa maana zote mbili, na "ishirini na moja" yaweza kusikika kama mwisho wa mchezo kumbe ni 20 za mmoja na 1 ya mwingine.

Dawa ya tatizo hili hatuna haja ya kuiunda, kwani imo tayari katika lugha ya mpira wa miguu. Mtangazaji wa redio hasemi "mbili na moja". Husema "mbili kwa moja", na pale ambapo upande mmoja haujapata kitu husema "mbili bila". Kiungo "kwa" hutenganisha kile ambacho "na" hukiunganisha. "Kumi kwa tisa" haiwezi kuwa 19 kwa msikilizaji yeyote. Wapo wanaoacha kiungo kabisa wakasema "mbili moja", na katika mpira wa miguu hakuna madhara, lakini "kumi tano" ikitamkwa upesi na mtu anayehema husikika karibu sawa na "kumi na tano". Kwa hiyo tunapendekeza "kwa" itamkwe daima, na iandikwe katika tafsiri za kanuni kuwa ni sehemu ya tamko.

Neno "bila" nalo linastahili kupewa nafasi yake. Kiingereza cha tenisi hutumia kwa sifuri neno ambalo umbo lake ni sawa na lile lenye maana ya upendo, na mfasiri asiyeujua mchezo huo anaweza kutuandikia "kumi na tano kwa upendo" bila kujishuku. "Sifuri" ni sahihi, lakini kwa mwanafunzi wa Kitanzania lina harufu ya chumba cha mtihani. "Bila" ni fupi, halimkejeli mtu, na kila mpenzi wa mpira analijua: "kumi na tano bila", "thelathini bila".

Asili ya pili ya ugomvi wa Kharumwa ni utaratibu wa kutaja. Mpenzi wa mpira wa miguu amezoea kumtanguliza mwenyeji au aliyeshinda. Katika michezo yote mitatu tunayoijadili hutangulizwa alama za anayeanzisha mpira, hata kama ameachwa mbali. Mwanzishaji mwenye 4 dhidi ya 9 hutaja "nne kwa tisa". Mpinzani wa yule kijana alikuwa akitaja namba kubwa kwanza tangu mwanzo, na kwa muda mrefu hakuna aliyegundua, kwa sababu walikuwa hawajakaribiana. Kitabu cha kanuni kinachosema tu "wachezaji watataje matokeo" hakijafasiriwa kikamilifu. Yafaa kiseme alama za nani hutangulia.

Hapa twaomba ruhusa ya kutoka kidogo nje ya istilahi, kwani mwalimu atanufaika. Kanuni zenyewe zimeficha kumbukumbu ya pili katika miguu ya wachezaji. Katika mpira wa vinyoya, mwanzishaji mwenye alama zinazogawanyika kwa mbili huanzishia upande wa kulia, na mwenye alama zisizogawanyika huanzishia kushoto. Kwa hiyo kama mabishano ni kuwa mwanzishaji ana 10 au 9, mahali aliposimama hutoa jibu, alimradi walikuwa wakifuata kanuni. Katika tenisi hujumlishwa mapigo yote yaliyokwisha katika gemu ile: yakigawanyika kwa mbili mpira huanzishwa kutoka kulia, yasipogawanyika kutoka kushoto. Anayedai kwamba ni arobaini kwa thelathini, yaani mapigo matatu kwa mawili, huku akijiandaa kuanzisha kutoka kulia, amekosea mojawapo. Mpira wa meza hauna msaada huo. Zamu ya kuanzisha hubadilika kila baada ya alama mbili, jambo linalosaidia kujua jumla, lakini jumla ya 19 ni ileile, awe anaongoza huyu au yule.

Wale vijana hatimaye waliamuliwa na watazamaji, ambao waliwaambia warudi kwenye tisa kwa tisa. Uamuzi huo unalingana na mwongozo wa kimataifa wa tenisi inayochezwa bila mwamuzi: wachezaji wakishindwa kuafikiana, alama ambazo wote wawili wanazikubali husimama, na mchezo huendelea kutoka hapo. Wote wawili walikubali kwamba kila mmoja alikuwa na 9. Iliyobishaniwa ni moja tu.

Sasa turudi kwenye maneno. "Tisa kwa tisa" yaweza kufupishwa kuwa "tisa sare". Waandishi wa michezo hutumia "sare" kwa matokeo ya mwisho, lakini katika michezo hii hakuna pambano linaloisha kwa sare, hivyo neno limebaki huru kutaja usawa wa muda. Hata lile neno la Kifaransa lililopitia Kiingereza, ambalo wachezaji wetu hulitamka "dyusi", halituletei kitu kisichokuwamo katika "arobaini sare". Aliyepata alama moja baada ya hapo Kiingereza humpa neno ambalo wengine wamelifasiri "faida". Sisi tunaliona la kibiashara mno, na waamuzi wa mpira wa miguu wanalo lao karibu na hilo. "Mbele" latosha: "niko mbele", "uko mbele".

Neno linalotutia wasiwasi zaidi ni "mchezo" lenyewe. Tenisi ni mchezo; pambano la watu wawili huitwa mchezo; na sehemu ndogo ya pambano, ambayo sita zake huweza kukamilisha seti, nayo wafasiri huiita mchezo. Msomaji anapokuta kwamba mtu "alishinda michezo sita" hawezi kujua kama alitwaa kombe au alimaliza seti moja tu. Tungependa "mchezo" libaki kwa tenisi yenyewe, "pambano" kwa mashindano ya wawili hao, "seti" kama lilivyozoeleka, na "gemu" kwa ile sehemu ndogo. Tunajua kwamba wako watakaochukia "gemu" kwa ugeni wake. Nasi hatulipendi sana, lakini linaeleweka, na "duru", ambalo limependekezwa mara kadhaa katika mazungumzo yetu, tayari lina kazi katika ndondi na katika ligi.

Kuhusu "alama" na "pointi", katika maandishi tunachagua "alama". Kharumwa ilitupa sababu ambayo hatukuitarajia. Katika nchi ya machimbo ya dhahabu, "pointi" ni neno la mizani: "mbili pointi tatu" ni gramu mbili na sehemu tatu za kumi, na tofauti ya pointi moja ni fedha. Mtu akitaja matokeo ya mchezo kwa neno hilo, jirani yake hugeuka kutazama kinachopimwa.

Limebaki suala la uandishi. Baadhi ya ofisi hutuma taarifa za michezo zikiwa na matokeo kama 9/11. Mwalimu huyasoma hayo kuwa tisa kati ya kumi na moja, kama maksi za mwanafunzi. Kistari kitumike, 9–11, na msomaji akisome "kwa".