Tundu la Sikio na Daraja la Mtu

Mtu aliyetoga sikio, pua, nyusi au ulimi huhukumiwa kabla hajafungua kinywa. Anayemtazama humkadiria malezi, elimu, kipato na hata mwenendo wake wa faragha, na makadirio hayo huwa yamekwisha kabla ya salamu kuitikiwa. Tundu lenyewe halisemi mengi. Kinachoangaliwa ni mahali lilipo, idadi ya matundu, madini yaliyotiwa humo, kama mwenye nalo ni mwanamume au mwanamke na, zaidi ya yote, mambo mengine yanayoonekana pamoja nalo: nguo, viatu, lafudhi, mtaa anakotoka. Ndiyo maana hereni ileile humfanya kijana mmoja aitwe mwanamitindo na mwingine aitwe mhuni.

Jijini Dar es Salaam tofauti hiyo haihitaji kutafutwa. Kijana wa mtaa wa kitajiri wa Masaki mwenye hereni moja sikioni huambiwa ni mtoto wa kishua, amesoma nje, au pengine ni msanii. Dereva wa bodaboda wa mtaa wa kimaskini wa Tandale akivaa hereni hiyohiyo hushukiwa ukibaka, na wapo abiria watakaompita wakapande kwa mwenzake. Kwa mwanamke, tundu moja kila sikio ni jambo la kawaida kiasi kwamba asiyetoga ndiye anayeulizwa kulikoni. Tundu la pili huvumiliwa. La tatu, au kipini puani kwa binti wa bara, au kipambo kitovuni, huanza kuzua maneno, na maneno hayo hayaendi kwenye ladha yake ya mapambo bali kwenye tabia yake. Mwanamke huitwa malaya; mwanamume huitwa mhuni, au hutiliwa shaka uanaume wake. Hukumu ya tabaka mara nyingi huja kwa jina la maadili, na hapo ndipo inapokuwa vigumu kuibisha, kwa kuwa hakuna anayekiri kwamba anachomchukia mwenzake ni umaskini wake.

Zamani katika pwani ya Afrika Mashariki uhusiano kati ya tundu na daraja ulikuwa wazi zaidi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kujulikana kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi mtoto wa kike alivyotogwa masikio siku ya saba tangu azaliwe. Kazi hiyo ilifanywa kwa sindano na uzi wa hariri nyekundu, na kwa kawaida matundu yalikuwa sita kila sikio. Muda si mrefu pete nzito za dhahabu zilitiwa humo. Leo msichana mwenye matundu kumi na mawili angeonekana amepotoka. Wakati ule yalionyesha kwamba ametoka katika nyumba yenye dhahabu ya kutosha kuyajaza.

Nje ya majumba ya kifalme wanawake wengi walivaa majasi, vile visahani vya duara vinavyopachikwa kwenye ndewe iliyopanuliwa kidogo kidogo. Mwenye nacho alivaa majasi ya dhahabu au fedha. Asiye nacho alivaa ya mti, ya pembe, au hata karatasi ya rangi iliyoviringwa ikakazwa. Picha zilizopigwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 zinawaonyesha wanawake wenye karatasi hizo masikioni, wakiwa wamejifunga kanga zao na kusimama kwa madaha mbele ya kamera. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika miaka iliyofuata wanawake waliowahi kuwa watumwa waliiacha kaniki, vazi lililowatambulisha, wakavaa kanga na kujipamba kama waungwana. Sikio lilikuwa lilelile na pambo lilikuwa na umbo lilelile. Kilichobaki kuwatenganisha ni kitu ambacho pambo lilitengenezwa nacho, na karatasi, hata ikipakwa rangi gani, haijawahi kuwa dhahabu.

Bara mambo yalikwenda kinyume. Kwa Wamaasai, Wakikuyu na Wakalenjin kutoga na kupanua ndewe kulikuwa sehemu ya kukua. Mtoto wa Kikikuyu alitogwa masikio kabla ya kufikia tohara, na tundu lake lilionyesha hatua aliyofika katika umri, wala halikuonyesha mali. Shule za misheni na ajira za serikali ya kikoloni ziliibadilisha maana hiyo katika kizazi kimoja. Ndewe ndefu ikawa alama ya mshamba asiyesoma. Wapo waliokwenda hospitali wakakatwa na kushonwa masikio ili wafanane na wasomi wenzao. Wengine, hasa wazee, waliizungusha ndewe juu ya sikio walipoingia mjini. Wanawake wa Kimakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, waliovaa ndonya, kisahani cha mti, kwenye mdomo wa juu, walipambana na dharau iliyo kali zaidi, kwa sababu ndonya haina pa kufichwa. Desturi hiyo ilififia katika karne ya 20, na mabinti wa waliovaa ndonya hawakuwatogea mabinti zao.

Halafu utalii ukaja ukaigeuza tena maana ya ndewe ndefu. Mmaasai mwenye ndewe iliyopanuliwa leo hutafutwa na hoteli za pwani asimame getini au awachezee wageni ngoma, na sura yake huchapishwa kwenye kadi za posta. Sikio lake linamletea kazi, ila ni kazi ya aina moja. Akiomba nafasi ya kukaa mapokezini nyuma ya kaunta, sikio hilohilo linaweza kumwangusha. Huku nyuma vijana wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakipanua ndewe zao tangu miaka ya 1990 kwa kuiga desturi kama hizi, na wao huitwa wajasiri.

Ulaya yenyewe imepanda na kushuka katika jambo hili mara kadhaa. Karne ya 16 na ya 17 hereni ilikuwa pambo la wanaume wa ikulu ya Uingereza. Sir Walter Raleigh alichorwa akiwa na lulu sikioni, na Mfalme Charles wa Kwanza aliingia nayo kwenye jukwaa la kukatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649. Baadaye sikio la mwanamume lililotogwa likaachiwa mabaharia. Kwa wanawake wa Ulaya na Marekani, hereni za kubana na za skrubu zilipoenea katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, bibi wa tabaka la kati aliweza kujipamba bila kutoboa ngozi, na kutoga kukaonekana ni mambo ya wahamiaji na wanawake wa kijijini. Ilipofika miaka ya 1960 mabinti wa vyuoni walirudia kutoga, wakitogana bwenini kwa sindano na vipande vya barafu, na mama zao, waliokuwa wametumia miaka mingi kujitenga na mambo hayo ya kimaskini, walishtuka.

Vijana wa muziki wa punk wa London walijichoma pini za nepi mashavuni na masikioni kuanzia mwaka 1976 hivi, na hao walitaka wahukumiwe. Kuchukiza ndiyo ilikuwa shabaha yao. Lakini mwaka 1998 Zara Phillips, mjukuu wa Malkia Elizabeth wa Pili, alionekana ametoga ulimi. Magazeti yalifurahia habari hiyo, yakamwita mkaidi wa ukoo wa kifalme, na mambo yakaishia hapo. Miaka michache baadaye Uingereza hiyohiyo iliwabandika vijana wa familia maskini jina la dharau, chav, lililochaguliwa neno la mwaka 2004, na miongoni mwa alama zilizotajwa kumtambulisha msichana wa aina hiyo zilikuwa hereni kubwa za duara za rangi ya dhahabu. Ulimi wa mjukuu wa malkia ulisamehewa. Sikio la binti wa nyumba za halmashauri halikusamehewa. Mwenye hadhi ya kutosha anaweza kuichezea, kwa kuwa haimtoki.

Mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu alilifafanua jambo hili katika kitabu chake La Distinction cha mwaka 1979. Alionyesha kwamba yale watu wanayoyaita ladha nzuri hufuata nafasi yao katika jamii, ingawa kila tabaka huona ladha yake ni ya asili na ya wengine ni ushamba. Jambo moja linahitaji kuongezwa upande wa kutoga: umaskini huacha alama yake tunduni kwa njia ya kimwili kabisa. Hereni za bei nafuu mara nyingi huwa na nikeli, madini yanayowawasha watu wengi; tundu huvimba, hutoa maji na kuacha ngozi nyeusi. Umoja wa Ulaya uliweka mipaka ya nikeli kwa vitu vinavyotiwa kwenye matundu ya mwili kwa agizo la mwaka 1994. Kwenye meza za machinga hakuna anayepima. Msichana ambaye hereni zake zimemdhuru, au anayesoma shule isiyoruhusu hereni, hutia kijiti cha ufagio au uzi mweusi ili tundu lisizibe, na kijiti hicho humtaja alikotoka kuliko hereni yoyote. Mwenzake aliyenunuliwa dhahabu hana usaha wala kijiti, na watu husema kwamba anajipenda, ana usafi. Tofauti ya bei inageuzwa kuwa tofauti ya tabia.

Kazini hukumu hiyo hupewa sura ya kanuni. Marekani, mfanyakazi mmoja wa duka la Costco aliyetoga nyusi alifukuzwa mwaka 2001 baada ya kampuni kupiga marufuku mapambo ya usoni. Alidai kutoga ni sehemu ya imani yake ya kidini. Mahakama ya rufaa ilimkatalia mwaka 2004, ikisema kampuni ina haki ya kulinda sura yake ya kitaalamu mbele ya wateja. Sura ya kitaalamu haina kipimo. Kinachoitwa nadhifu ni kile ambacho wenye kuajiri wamezoea kukiona kwenye nyuso za watu wa tabaka lao.

Mahakama iliyoligusa jambo hili kwa undani zaidi ni Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika kesi ya Pillay iliyoamuliwa tarehe 5 Oktoba 2007. Msichana wa Kihindu mwenye asili ya Tamil, mwanafunzi wa Durban Girls' High School, alitogwa pua wakati wa likizo mwaka 2004 akatiwa kipini kidogo cha dhahabu. Kwa mila ya familia yake kipini ni ishara kwamba binti amekua, na bibi yake angekibadilisha na kuweka cha almasi atakapotimiza miaka 16. Shule ilimtaka akivue. Kanuni zake ziliruhusu hereni ndogo za duara, moja kila sikio na kwa usawa mmoja, basi. Jaji Mkuu Pius Langa aliona kwamba kanuni hiyo haikuwa ya haki kwa wote kama ilivyoonekana: hereni ya sikio nayo ni kutoboa mwili, ila ilihesabiwa kawaida kwa sababu ilikuwa pambo la waliokuwa na upendeleo tangu zamani, na kipini kikahesabiwa uvunjaji wa nidhamu kwa sababu kilikuwa cha waliotengwa.

Mahakama iliiagiza shule irekebishe kanuni zake zitoe nafasi kwa dini na utamaduni wa wanafunzi. Ulinzi huo una mpaka. Binti anayevaa kipini kwa sababu ya mila ana hoja ya kupeleka mbele ya jaji. Kijana aliyetoga sikio kwa kupenda tu haguswi na hukumu hiyo, na mwajiri anayemkataa halazimiki hata kumwambia kwamba sababu ilikuwa hereni.