Marshali na Konstebo: Vyeo Viwili Vilivyozaliwa Zizini

Ukiitazama ngazi ya vyeo vya majeshi na polisi utaona kwamba marshali yu juu kabisa, mahali ambapo askari wengi hawathubutu hata kupaota, ilhali konstebo yu chini, kwenye lindo, juani na mvuani. Huenda basi ukastaajabu kuambiwa kwamba majina haya mawili yalitoka banda moja. Yote mawili yalianza katika zizi la farasi huko Ulaya, na kwa karne nyingi konstebo ndiye aliyekuwa mkubwa wa marshali.

Tuanze na marshali. Makabila ya kale ya Kijerumani, kama vile Wafaranki, yalikuwa na neno «marh», maana yake farasi, na neno «skalk», maana yake mtumishi. Maneno hayo yakiunganishwa yalimtaja mtumishi wa farasi, yule ambaye sisi kwa Kiswahili humwita saisi. Alikuwa mtu duni. Sheria za Waalamanni, watu wa kusini ya Ujerumani, zilizoandikwa katika karne ya 8, zilimweka katika orodha ya watumishi wenye kulipiwa fidia: amwuaye marshali asimamiaye farasi 12 alitozwa solidi 40, sarafu ya zama hizo. Hapakuwa na upanga wala nishani kifuani, bali majani, maji na kinyesi cha kuzoa.

Lakini vita vilibadilika. Mpanda farasi mwenye deraya ndiye aliyekuja kuamua mapambano, na farasi wake alikuwa mali ya thamani kubwa mno. Mtu aliyejua idadi ya farasi waliokuwa wazima, malisho yalipo na njia ya kuwapitisha wote bila msongamano, akawa mtu ambaye mfalme hakuweza kwenda vitani bila yeye. Hivyo saisi akawa msimamizi, na msimamizi akawa ofisa wa ikulu. Mnamo mwaka 1185 mfalme Philippe Auguste wa Ufaransa alimpa Albéric Clément cheo cha marshali. Huyu aliuawa mwaka 1191 katika mazingiwa ya mji wa Akka, huko Palestina. Nchini Uingereza nako, William Marshal, ambaye ukoo wake ulichukua jina kutokana na kazi hiyo, aliitawala nchi kwa niaba ya mfalme mtoto, Henry wa 3, kuanzia mwaka 1216. Mwaka 1217, akiwa mzee wa miaka ipatayo 70, aliongoza mwenyewe mashambulizi katika vita vya Lincoln na kushinda.

Konstebo yeye alitoka Roma. Katika dola ya Warumi ya siku za mwisho alikuwako ofisa aliyeitwa «comes stabuli», yaani mkuu wa mazizi. Wafaransa walilifupisha jina hilo likawa «connétable», na mwenye nalo akawa amiri wa majeshi yote ya mfalme, marshali wakiwa wasaidizi wake. Nguvu hizo ndizo zilizomponza. Mwaka 1627, katika enzi ya mfalme Louis wa 13 na waziri wake Kardinali Richelieu, cheo hicho kilifutwa, maana haikufaa raia mmoja awe na jeshi zima mkononi. Marshali wakabaki bila mkubwa wao.

Waingereza walilipeleka neno hilo njia nyingine. Sheria ya Winchester ya mwaka 1285 iliagiza wachaguliwe makonstebo wawili katika kila tarafa, wakague silaha za raia na kulinda amani. Robert Peel alipounda polisi wa jiji la London mwaka 1829, askari wa kawaida akaitwa konstebo, na jina hilo likasafiri pamoja na utawala wa Kiingereza hadi Afrika ya Mashariki. Walakini asidhani mtu kwamba limeshushwa hadhi likaisha. Katika sheria ya Uingereza, uwezo wa konstebo wa kumkamata mhalifu haukopwi kwa mkubwa wake. Ni wake mwenyewe kwa kiapo alichokula, naye ndiye ajibuye mbele ya hakimu. Hata mkuu wa polisi wa mkoa huitwa Konstebo Mkuu. Nionavyo mimi, heshima ya namna hii ina uzito kuliko mapambo mengi ya mabegani.

Siku hizi neno marshali lina maana tofauti kila uvukapo mpaka. Nchini Poland, marshali ni spika wa bunge. Nchini Italia ni cheo kilicho chini ya maofisa, na mara nyingi ndiye mkuu wa kituo cha polisi wa Carabinieri kijijini. Wamarekani wanao marshali wa mahakama za shirikisho tangu mwaka 1789. Hao husaka watoro na kulinda majaji. Wafaransa, pamoja na kumwita jemadari wao mkuu marshali, hata leo humwita kwa neno hilo hilo mhunzi apigiliaye farasi viatu vya chuma. Huyo ndiye ambaye hakulihama zizi!

Cheo hicho kimewatamanisha wengi, na Afrika haikukosa. Idi Amin wa Uganda alijipa u-fildi marshali mwaka 1975. Mobutu wa Zaire akawa marshali mwaka 1982. Wa kwanza aliangushwa mwaka 1979, wa pili mwaka 1997. Katika Urusi ya Kisovieti, Stalin aliwateua marshali watano wa kwanza mwaka 1935. Ilipofika mwaka 1939 watatu kati yao walikwisha angamia mikononi mwa serikali iliyowateua: Tukhachevsky, Blyukher na Yegorov.

Kisa cha kutisha zaidi ni cha Mjerumani Friedrich Paulus. Tarehe 30 Januari 1943, akiwa amezingirwa Stalingrad, askari wake wakifa kwa njaa, baridi na risasi, Hitler alimpandisha awe fildi marshali. Haukuwa ukarimu. Ilisemekana kwamba hadi wakati huo hakuna fildi marshali wa Kijerumani aliyewahi kusalimu amri, na maana ya zawadi hiyo ilikuwa kwamba ajiue. Paulus alielewa, akakataa. Kesho yake alitoka katika chumba cha chini ya ardhi cha duka kubwa la mji huo, akatekwa, na askari wapatao 90,000 wakawa mateka wa vita hivyo. Wengi wao hawakurudi makwao kamwe. Yeye aliachiwa mwaka 1953, akafariki mjini Dresden mwaka 1957.