Ulemavu Usioonekana: Wanafunzi Wenye Ugumu wa Kujifunza katika Shule za Mamba

Elimu ya shule katika milima ya Upare Kusini, wilayani Same, ina mizizi mirefu, kwani wamisionari wa Kanisa la Waadventista Wasabato walifika Giti, katika eneo la Mamba, mwaka 1903, wakaanza kufundisha kusoma na kuandika sambamba na kuhubiri, na tangu wakati huo vizazi vya wakulima wa milima hiyo vimeithamini shule kuwa urithi wa kuwaachia watoto. Heshima hiyo kwa elimu ina upande wake mgumu, kwa sababu mtoto anayefika darasa la nne bila kuweza kusoma aya fupi huonekana ameiangusha familia, naye huitwa mvivu, mzito au mtundu, ilhali huenda ana ulemavu wa kujifunza, yaani hali ambayo haikutokana na uzembe wake wala wa wazazi wake.

Ulemavu wa kujifunza ni hali ya kudumu inayotokana na namna ubongo unavyopokea, unavyohifadhi na unavyotumia taarifa, hasa za sauti, maandishi na namba, nao humpata hata mtoto anayeona na kusikia vizuri na mwenye uwezo wa kufikiri kama wenzake. Kwa sababu hiyo hutofautishwa na ulemavu wa akili, ambao huathiri uwezo wa kufikiri kwa jumla pamoja na stadi za maisha ya kila siku. Aina inayojulikana zaidi ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kutahajia maneno. Nyingine ni disgrafia, ambayo ni ugumu wa kuandika, na diskalkulia, ambayo ni ugumu wa kuelewa namba na kukokotoa. Daktari Mwingereza W. Pringle Morgan alieleza mwaka 1896 habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu katika mambo mengi lakini hakuweza kujifunza kusoma, na mwaka 1963 mwanasaikolojia wa Marekani Samuel Kirk alilieneza jina la ulemavu wa kujifunza alipohutubia wazazi mjini Chicago. Wataalamu wengi hukadiria kwamba disleksia peke yake huwapata watoto 5 hadi 10 kati ya kila 100, kiwango ambacho katika darasa la wanafunzi 60 ni sawa na watoto watatu hadi sita.

Elimu maalumu nchini Tanzania ilianza na ulemavu unaoonekana, kwani shule ya kwanza, ile ya wasioona ya Buigiri mkoani Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1950. Hata leo familia ya Upare yenye mtoto kiziwi inaweza kuulizia nafasi katika shule ya viziwi ya Mwanga, iliyo chini ya Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na yenye mtoto asiyeona inaweza kuelekezwa Irente, Lushoto, katika milima jirani ya Usambara. Mtoto mwenye disleksia hana shule ya namna hiyo, wala haihitaji, kwa kuwa mahali pake ni darasa la kawaida la kijijini kwake, mradi mwalimu wa darasa hilo ajue kumtambua na kumfundisha.

Kumtambua si kazi nyepesi, na hali ya lugha huizidishia ugumu. Watoto wengi wa Mamba hukua wakisikia nyumbani lugha ya Kipare, ambayo wenyewe huiita Chasu au Chathu, kisha hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi na kwa Kiingereza katika sekondari za serikali. Makosa ya matamshi yanayotokana na lugha ya mama hupungua kadiri mtoto anavyozoea Kiswahili, kwa hiyo hayapaswi kuchukuliwa kuwa ulemavu. Kwa upande mwingine, Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na utafiti katika lugha zenye tahajia ya namna hiyo, kama Kiitaliano na Kijerumani, umeonyesha kwamba disleksia hujitokeza zaidi kwa kusoma polepole mno kuliko kwa makosa mengi. Mwanafunzi anaweza basi kujikongoja hadi darasa la saba bila kushtukiwa, akaja kukwama kidato cha kwanza anapokutana na Kiingereza, ambacho maandishi yake hutofautiana mno na matamshi.

Hatua ya kwanza ya kumsaidia ni upimaji na ubainishaji, yaani kuchunguza kwa utaratibu chanzo cha kushindwa kwake. Mwalimu huanza kwa kuondoa sababu nyingine: macho na masikio yapimwe katika kituo cha afya, na mahudhurio yaangaliwe, kwa kuwa mtoto aliyekosa vipindi vingi kwa sababu ya ugonjwa au kazi za shamba la tangawizi atakuwa nyuma hata kama hana ulemavu wowote. Anayebaki na ugumu uleule baada ya kufundishwa vizuri kwa miezi kadhaa, huku akijieleza vyema kwa mdomo, ndiye wa kuandaliwa mpango binafsi wa elimu, ambao hutaja anachoweza, anachoshindwa, lengo la muhula na namna ya kulipima.

Ufundishaji wenyewe hauhitaji vifaa vya gharama. Mtoto hufundishwa sauti moja baada ya nyingine, kisha silabi, kisha neno, akirudia mara nyingi kuliko wenzake huku akitamka, akitazama na kuifuatisha herufi kwa kidole mchangani, na michanganyiko kama mb, ng', nyw na ndw hutengewa muda wake. Namba hushikwa mkononi kwa vizibo vya chupa na vijiti kabla ya kuandikwa. Maswali husomwa kwa sauti, majibu ya mdomo hukubaliwa pale somo linapopima maarifa na si mwandiko, na mtoto halazimishwi kusoma mbele ya darasa bila kujiandaa. Katika mitihani ya taifa, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na inafaa utaratibu huo uzoeshwe tangu katika mazoezi ya darasani.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kusoma katika mazingira jumuishi, yaani pamoja na watoto wengine na kwa msaada unaostahili, na elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 imewafungulia mlango watoto wengi zaidi. Kanuni za viboko nazo zinakihusisha kiboko na makosa makubwa ya nidhamu, na kushindwa kusoma si utovu wa nidhamu. Pengo kubwa limo katika mafunzo, kwani wataalamu wa elimu maalumu wanaoandaliwa katika Chuo cha Ualimu cha Patandi, mkoani Arusha, hawawezi kufika kila shule ya mlimani, na kwa hiyo kila mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, ambako stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu hujengwa, anapaswa kupewa maarifa ya kuwatambua na kuwafundisha watoto hawa akiwa kazini.

Wazazi wa Mamba na wa kwingineko wanaombwa wasisubiri mtihani wa darasa la saba uwaambie kilichoonekana tangu darasa la pili, bali waende shuleni mapema, wamweleze mwalimu wanayoyaona nyumbani na waulize mtoto atasaidiwaje. Halmashauri na wadau wa elimu, kwa upande wao, wagharimie mafunzo ya walimu hao, kwa maana mtoto anayesoma polepole bado ni mwanafunzi kamili, mwenye haki ya kufundishwa mpaka asome.