Fahamu: Programu za simu zinazofika hadi kijijini

Programu iliyoundwa kwa simu ya bei kubwa na intaneti isiyokatika hukwama mikononi mwa mtu anayenunua bando la siku. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, ilikwepa tatizo hilo tangu mwanzo. Nchini Kenya, menyu yake iliwekwa ndani ya laini yenyewe, ikafanya kazi hata kwenye simu ya kitochi, bila bando. Mtumaji huandika namba ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri, kisha pande zote mbili hupata ujumbe mfupi wa uthibitisho. Ujumbe huo ndio risiti, na ndio uliowajengea watu imani.

Simu janja hazijaondoa vikwazo vya bando na mtandao. Ndiyo maana Facebook Lite, toleo jepesi la Facebook lililotoka mwaka 2015 likilenga mtandao wa 2G, halikufikia hata MB 1 lilipotoka. Mbunifu makini huhifadhi kazi ya mtumiaji mtandao ukikatika na kuituma ukirudi. Jambo linalopuuzwa mno ni simu inayotumiwa na familia nzima: hapo namba ya siri inapaswa kuombwa katika kila muamala, si wakati wa kujisajili tu.